Mwaka wa Jino la Kogo

Mwezi uliopita walinipa maikrofoni nikaogopa kama msichana. Ilikuwa siku ya kufungua kanisa jipya la mawe kule juu ya Njoro, mahali pale pale liliposimama lile letu la udongo na mabati. Wazee tuliobaki wa lile la zamani tulikuwa tumeitwa, tukakalishwa mbele chini ya hema, tukapewa soda na maua ya kubandika kifuani. Tulikuwa saba. Kijana aliyeongoza shughuli alisema kila mmoja ajitambulishe na atoe neno moja la hekima, "lakini kwa ufupi, wazee wetu, chakula kinapoa." Mimi nilikuwa nimejiandaa. Afadhali niungame mapema, maana sura hii yote ni ungamo: nilikuwa na karatasi mkobani niliyoiandika mara tatu, na wawili waliozungumza kabla yangu sikusikia hata neno lao moja, kwa sababu nilikuwa nayapitia yangu kichwani. Zaidi ya miaka sitini, na bado. Maikrofoni iliponifikia niliitazama ile karatasi, nikaona aibu, nikaikunja tena. Nikasema, "Mimi ni Eseri. Zamani hapa waliniita Nafula, Nafula wa chumba cha krimu," nikakaa. Watu wakapiga makofi yale ya heshima na nafuu anayopigiwa mtu aliyemaliza mapema. Lakini upande wa pili wa hema mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliweka soda yake chini akanitazama, na hakuacha kunitazama mpaka sala ya mwisho. Nitamrudia huyo.

Mwaka wenyewe ni wa hamsini na saba. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kazi katika shamba kubwa la ngano na ng'ombe wa maziwa, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Mau. Asubuhi zisizo na ukungu tuliona Menengai, na chini yake mji wa Nakuru na ziwa, jembamba kama ukingo wa sahani. Chumba cha krimu kilikuwa cheupe kwa chokaa, na sakafu ya saruji tuliiosha mara tatu kwa siku kwa maji ya moto na magadi mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyezama. Katikati ilisimama mashine ya kutenganisha krimu, yenye mpini mrefu na kengele ndogo. Ukizungusha polepole kengele ililia kila mzunguko. Mwendo ukitosha ilinyamaza yenyewe, na hapo tu ndipo uliruhusiwa kufungua bomba la maziwa. Nilikuwa nafungua mapema. Si kwa uvivu, kwa hofu. Niliogopa kuchelewa, niliogopa Memsabu, mke wa mwenye shamba, niliogopa kwamba ndoo inayofuata ingefika kabla sijamaliza hii. Robai, dada aliyefanya kazi pamoja nami na kulala chumba kimoja nami, alikuwa akisema bila hata kugeuka, "Nafula, kengele bado inalia," nami nafunga bomba kana kwamba nimekamatwa nikiiba.

Sikuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kusoma nilijifundisha kwa magazeti ya zamani yaliyobandikwa kwenye kuta za chumba chetu kuzuia upepo, kwa hiyo nilijua habari nyingi ambazo zilianza vizuri na kuishia kwenye nguzo. Kisha nikapata kijitabu cha maswali ya ubatizo, na hicho nilikimeza. Nilikijua mbele na nyuma. Nikikosea neno moja usiku kichwani nilianza tena toka ukurasa wa kwanza, na Robai akalalamika kwamba midomo yangu inafanya kelele. Katika darasa la ubatizo, Jumamosi mchana, Mwalimu Yohana alikuwa hajafika katikati ya swali nami nimeshajibu. Wenzangu kumi na mmoja, wakamuaji na madereva wa trekta na wake zao, walinitazama kwanza kwa mshangao, kisha kwa uchovu. "Siku ya hukumu," Robai aliniambia, "wewe utamjibu Bwana kabla hajakuuliza. Atasema, huyu nani?" Nilicheka, lakini iliniuma, nikaenda kutafuta kama kijitabu kina jibu la hilo.

Mwalimu Yohana alikuwa nyapara wa zizi kwa siku sita na mwalimu wa kanisa kwa siku ya saba, mtu mrefu mwenye koti la mvua lililokuwa fupi mikononi, asiye na maneno mengi. Miaka ile ya hali ya hatari watu wengi walikuwa wamehamishwa mashambani kwa nguvu, nyumba kadhaa za kambi yetu zilikuwa na kufuli mlangoni na nyasi kizingitini, na sote tulikuwa tumezoea kuongea chini chini. Lakini kunyamaza kwa Yohana hakukuwa kwa hofu. Alikuwa akiuliza mtu hali yake halafu anabaki hapo, amesimama, mpaka apate jibu. Mimi nilikuwa namkwepa kwa sababu hiyo. Niliona ni mtu mzuri asiyejua kuendesha mazungumzo.

Mchungaji alitoka Nakuru mara mbili tu kwa mwaka, mwezi wa nane na mwezi wa kumi na mbili, naye alikuwa na mashamba mengi ya kuzunguka. Kwa hiyo kanisa letu lilikuwa na utaratibu wake: kila anayetaka kubatizwa ambaye hakujua kusoma, au ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizito, alipewa mwenzake wa kumwandikia ushuhuda kwenye ukurasa mmoja na kuusoma mbele ya wazee. Mimi nilipewa Kogo. Jina lake lilikuwa Tapsubei, lakini kambi nzima, hata sisi tuliotoka magharibi, tulimwita Kogo kama wajukuu wake walivyomwita, yaani nyanya. Alilisha ndama. Alikuwa mdogo, mkavu, mwepesi, na jino moja la juu mbele halikuwepo, kwa hiyo baadhi ya maneno yalitoka na filimbi. Alitaka kubatizwa mwaka ule ule na si mwingine, kwa sababu mtoto wake alikuwa ameshasema kwamba ngano ikivunwa watahamia upande wa Kuresoi, ambako wakati huo palikuwa na msitu, baridi na jamaa zao, lakini hapakuwa na kanisa karibu. "Nataka hapa," aliniambia siku ya kwanza. "Si huko. Hapa, kwa sababu..." Akatafuta neno. Akatazama mlima. Nikamsaidia. "Kwa sababu hapa ndipo ulipomjua Bwana." Kogo akanitazama kwa upole. Nikaandika.

Ukurasa ule niliumaliza kwa mikutano miwili, pale nje ya banda la ndama, mimi nimekaa kwenye debe, yeye amesimama na ndoo. Nilikuwa na haraka ya kuufanya mzuri. "Sasa Kogo, ulianzaje kuja kanisani?" Akasema, "Ilikuwa asubuhi." Kimya. Ndama akamlamba mkono. Nikasema, "Asubuhi ya Krismasi?" Akamsogezea ndama ndoo. "Ulisikia wanakwaya?" Akasema, "Wanaimba sana hao." Nikaandika wanakwaya. "Ukalia machozi, sivyo?" Akafikiri. "Moshi ukiwa mwingi ninalia," akasema, na mimi nikaandika machozi. Leo nikikumbuka natamani kuinuka kwenye debe lile nikajikung'ute masikio. Hakunidanganya hata mara moja. Kwao mtu mzima hamkatizi mtoto anayesema, anamngoja amalize, na mimi sikumaliza. Hata jina la ubatizo nilimchagulia, Elizabeti, kwa kuwa nililipenda linavyoandikika.

Mwezi wa nane ulikuja na mvua. Kanisa lilijaa makoti yaliyolowa na harufu ya kondoo. Mchungaji, mtu mnene mpole mwenye miwani, alikaa mezani na wazee wawili, na sisi tukaitwa mmoja mmoja. Mimi nilijibu maswali yote, mawili kati ya hayo kabla hayajakwisha, na mzee mmoja akaandika alama kubwa karibu na jina langu nikaiona, ingawa kwangu ilikuwa juu chini, nikafurahi hata nikaona haya. Kisha nikasimama na Kogo. Nilisoma ukurasa wangu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya mashine ya krimu, mahali pa kupumzika, mahali pa kushusha sauti. Machozi ya Krismasi yalitoka vizuri hata mama mmoja nyuma akapenga kamasi. Mchungaji akaitikia kwa kichwa, amependezwa, akamgeukia Kogo. "Mama, umesikia. Ni hivyo?"

Kogo aliitazama karatasi mkononi mwangu. "Hayo maneno ni mazuri sana," akasema. "Ni ya nani?"

Kanisa lilicheka. Si kicheko kibaya. Hata Mwalimu Yohana alifunika mdomo. Mchungaji hakucheka. Alimuuliza tena polepole, naye Kogo akaeleza kwa adabu kwamba wanakwaya anawajua, wanaimba vizuri, lakini yeye siku ya Krismasi hukaa na ndama kwa sababu wengine wote wamekwenda kuimba. Mchungaji akafunga kitabu chake. Alisema hatabatiza ushuhuda wa mtu mwingine, na kwamba Mama huyu bado hajasikiwa, na akisikiwa mwezi wa kumi na mbili atabatizwa kwa furaha. Alisema bila ukali. Nilitaka sakafu inifunike.

Na haya ndiyo ninayoona tabu zaidi kuyaandika: mimi nilibatizwa alasiri ile ile. Ningeweza kusema, Mchungaji, nitamngoja. Neno lilikuwepo. Lakini nguo nyeupe ilikuwa imeshonwa, na jina langu lilikuwa na alama kubwa, na niliogopa kwamba nikingoja nitakosea swali mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo nikawa Eseri. Maji yalikuwa baridi. Nilipoinua uso mtu wa kwanza niliyemwona ni Kogo, mbele ya wanawake, akinipigia makofi na kuimba wimbo asioujua maneno, filimbi ikipita kwenye pengo la jino. Alikuwa amefurahi kweli. Hilo ndilo lililonivunja.

Kwa siku tatu nilitunga maneno ya kuomba msamaha. Nilipoyapeleka kwa Mwalimu Yohana kwanza, ayasahihishe, alikuwa akifunga kwato la ng'ombe mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni msamaha mzuri. Lakini umemwandikia tena, Eseri." Akaendelea na kwato. Nikasubiri aongeze kitu. Hakuongeza. Nikaenda kwa Kogo mikono mitupu.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kambini, ya mviringo, chini ya paa la nyasi, na ndani kulikuwa na giza la joto lenye harufu ya moshi na maziwa. Vibuyu vilining'inia ukutani kwa kamba za ngozi, vimeng'aa kama viatu vya askari. Nilifungua mdomo mlangoni. Akainua mkono. "Kwanza maziwa," akasema. Kwake hapakuwa na habari kabla ya maziwa, si kwa mgeni wala kwa mwanawe. Alinimiminia mursik, maziwa ya kibuyu yenye madoa ya mkaa, machungu kidogo, mazito, nikanywa, akaongeza, nikanywa. Halafu akanipa kibuyu kitupu na kijiti kilichoshika moto, akanionyesha jinsi ya kusugua ndani mpaka pakauke na kunukia. Tulisugua. Nilipojaribu kusema tena nilikuwa nimesahau mwanzo wa maneno yangu, nikasema tu, "Kogo, nilikukosea." Akasema, "Najua." Akasugua kidogo. "Ulikuwa na haraka. Robai ameniambia hata hiyo mashine inakupigia kengele." Tukacheka, mimi nalia na kucheka, na sijui mpaka leo kama nilisamehewa kabla au baada ya kicheko hicho.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada, na ninaweza kusema bila kutia chumvi kwamba zilikuwa Jumapili zenye furaha kuliko zote za ujana wangu. Tulikula kimyet, ugali wa wimbi, na mboga chungu zilizochemshwa kwa maziwa. Wakwe zake waliingia na kutoka, waligombana kuhusu kuni, walitaniana. "Huyu msichana wako ameolewa na kibuyu," mmoja alisema. "Mwache," Kogo akajibu, "kibuyu hakimpigi." Nilikaa, nikasugua. Mwanzoni nilikuwa na kalamu kwenye soksi. Nilitegemea kwamba akisema lolote kuhusu Mungu nitalinasa. Alisema kuhusu ndama wenye kuharisha, kuhusu baridi ya Kuresoi, kuhusu dada yake aliyewahi kumficha mbuzi chini ya kitanda. Nilihesabu wiki. Siku moja niliona kibuyu alichokijaza siku nne nyuma, nikakitikisa kusikia kama maziwa yameganda, na baada ya muda nikakitikisa tena. Akanitoa mkono pale. "Ukitikisa kila saa hayawezi kuganda. Yaache na Mungu wao." Niliacha kalamu nyumbani Jumapili iliyofuata.

Naona sasa kwamba kitu fulani kilikuwa kikibadilika hata nje ya nyumba ile, ingawa wakati ule nilidhani naharibikiwa. Darasani, ambako niliendelea kwenda kwa ajili ya Kogo, niliacha kujibu, na nikagundua kwamba wenzangu wana majibu. Mkamuaji mmoja niliyemdhania mzito alisema jambo kuhusu uvumilivu wa Mungu akitumia mfano wa ng'ombe asiyetaka kuachia maziwa, na lilikuwa bora kuliko chochote kijitabuni. Katika sala zangu nilikuwa nimezoea kusoma orodha, haraka, bila kukosea, kisha amina. Sasa nilifika mwisho wa orodha nikabaki nimepiga magoti, nikiona haya, kama mtu aliyeongea peke yake wakati mwenye nyumba amesimama mlangoni na maziwa mkononi. Sikusikia sauti. Niliona tu kwamba hofu yangu imeshuka kidogo. Na kwenye mashine ya krimu, Robai alikaa wiki nzima bila kunikemea, halafu akasema kwa wasiwasi, "Nafula, unaumwa?"

Mwezi wa kumi na mbili ulikaribia, na ngano ikawa ya njano mpaka mpakani mwa msitu, na Kogo alikuwa bado hajaniambia ushuhuda wake. Mkokoteni wa mwanawe ulikuwa umeshatengenezwa magurudumu. Jumapili ya mwisho sikuweza tena kungoja. Nilikunywa maziwa yangu yote kwanza, kisha nikasema, "Kogo, ni Jumapili ijayo. Nikaseme nini mbele ya Mchungaji?"

"Nitasema mimi," akajibu.

"Na mimi?"

"Utasimama hapa, karibu." Alionyesha ubavu wake wa kushoto. "Kazi yako ni kunyamaza."

Siku ile vumbi la mavuno lilikuwa hewani, na mashine za kuvunia zilisikika mbali, maana shamba halikusimama hata Jumapili wakati wa ngano. Mchungaji alikuwa na haraka. Bado alikuwa na makanisa mawili mbele. Alimkumbuka Kogo, akatabasamu, akaniangalia mimi na kutafuta karatasi mkononi mwangu. Haikuwepo. "Haya, Mama," akasema. "Tuambie."

Kogo akasema, "Ilikuwa asubuhi." Akanyamaza.

Nilikijua kimya hicho. Kilikuwa kile kile cha banda la ndama. Mabati yalikuwa yakipasuka kwa joto, tik, tik. Mtoto mmoja akakohoa. Nilihisi maneno yakipanda kifuani mwangu, mazuri, yamepangwa, ulimi wangu tayari umegusa meno. Nilijua kwamba asiposema leo atapanda Kuresoi bila maji, na nilijua kwamba nikisema mimi atapanda Kuresoi bila maji vile vile. Mzee mmoja akasogeza kiti. Mchungaji akatazama saa yake, akainama mbele kwa wema, akaanza, "Labda Mama alitaka kusema kwamba..." na hapo mimi, msichana wa chumba cha krimu, nikamtikisia kichwa Mchungaji kumkataza. Alishtuka. Akafunga mdomo. Tukangoja, kanisa zima.

"Huyu Yohana," Kogo akasema hatimaye, "alikuwa anaomba kwa zizi. Asubuhi, kabla watu hawajafika. Alifikiri ni ng'ombe tu wanamsikia. Mimi nilikuwa upande ile ingine ya mbao, na ndama. Anaita watu kwa Mungu. Anasema, Mungu, huyu fulani, mguu wake. Mungu, yule fulani, pombe yake." Wanaume wakaanza kutazamana. "Sasa akafika kwangu. Akasema, Tapsubei. Akanyamaza. Nikasema, wacha nisikie huyu atanisema nini. Hakuna. Akaenda kwa mtu mwingine. Kesho yake tena. Tapsubei, halafu kimya. Siku tatu. Siku ya nne nikapiga mbao na ndoo. Nikamwambia, wewe Yohana, watu wote unawasemea shida yao, mimi nikifikiwa unanyamaza, mimi sina shida? Akasema, Mama, shida yako siijui. Hujaniambia. Nangoja."

Mwalimu Yohana alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nikafikiria," akaendelea Kogo. "Mwezi ule ndama alinipiga na kichwa, akatoa hii jino. Nikasema, basi mwambie nataka jino yangu."

"Akaomba jino?" Mchungaji akauliza.

"Aliomba jino. Hakuongeza kitu. Alisema, Bwana, Tapsubei anataka jino lake, amina."

"Na jino, Mama?"

"Bado," akasema Kogo, akafungua mdomo wote aone.

Sijawahi kusikia kanisa likicheka vile, kabla wala baada. Mchungaji alivua miwani. Mwalimu Yohana aligeukia ukuta mabega yakimtetemeka. Kogo alitungoja tumalize, kama alivyoningoja mimi kule kwenye ndoo, kisha akasema kwa sauti ndogo, tukalazimika kuinama kumsikia: "Lakini nikajiambia, kama mtumishi anaweza kubeba neno yangu bila kumwaga, yule aliyemtuma naweza kumwambia yote. Tangu siku hiyo namwambia. Ndio nataka hapa. Jina yangu iliitwa hapa." Mchungaji hakuuliza swali la pili. Aliuliza jina tu, nami niliinamisha kichwa nikikumbuka Elizabeti yangu. "Hana," akasema Kogo. Alikuwa amemsikia Mwalimu akisoma habari za yule mama aliyeomba midomo ikitembea bila sauti, na kuhani akadhani amelewa. "Huyo mama namjua," alisema. Alipotoka majini alikuwa akicheka, maji yakimtoka kwenye pengo.

Walihama wiki ya Mwaka Mpya. Baadaye lori la viazi likishuka toka Kuresoi kwenda Nakuru lilisimama kwetu mara moja au mbili kwa mwaka, na dereva akauliza, "Nafula ni nani hapa? Nimetumwa nimwambie, jino bado." Robai alikuwa akiupokea ujumbe huo kama salamu za serikali. Kisha nikaolewa, nikahamia mjini, nikawa Mama Eseri kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia lile jina langu la kwanza, na ujumbe ukakatika. Habari za kifo chake zilinifikia mwaka mzima baadaye, kwa mtu niliyekutana naye sokoni, ambaye hakujua zaidi.

Mama wa kitambaa cha kijani alinijia baada ya sala ya mwisho, akiwa na sahani mbili za chakula, moja yangu. Akavuta kiti. Akasema anaitwa Chebet, ametoka Kuresoi, na Hana aliyelisha ndama alikuwa nyanya yake. Alikuja sherehe kwa sababu nyanya alibatizwa hapa. "Wewe ndiye Nafula," akasema. "Nimetafuta Nafula tangu nikiwa mtoto. Hakuna mtu aliyemjua." Alikuwa na miaka saba nyanya alipokuwa anakufa, alikuwa amekaa kitandani kwake, ameshika kikombe. "Akaniambia, siku moja ukishuka Njoro utafute Nafula. Umwambie..." Chebet akatazama kijiko chake. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na sentensi tatu tayari: kwamba ananisalimu, kwamba ananiombea, kwamba amenisamehe. Zote zilikuwa nzuri. Nilikula wali kidogo. Kwaya ya vijana ilikuwa ikijaribu vyombo, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka Mau, na mimi nikangoja.

"Alisema nikuambie," akasema Chebet, "kwamba anaenda kuchukua jino lake."

Tulicheka mpaka soda ikamwagika. Tulishikana mikono, bibi wawili wanene, hatuwezi kuzungumza, machozi yanatutoka, na yule kijana wa shughuli akaja mbio na maikrofoni akadhani tunataka kusema kitu. Tukamwambia, bado.